Kibao Kile Kisitundikwe

Sogezeni viti, wanangu, kwa maana sauti niliyobaki nayo haifiki mlangoni. Christine, kaa huku upande wa sikio langu zima. Elvis, wewe simama ukitaka, najua hukai ukiwa na hofu, tangu utoto uko hivyo, lakini usitoke nje mpaka nikutume. Daktari aliponirudisha nyumbani Jumanne alisema moyo umechoka na kwamba nipumzike, nami nilimwelewa vizuri kuliko alivyotaka nimwelewe. Masista wa Mukumu walionifundisha mpaka kidato cha nne walisema jambo husemwa kwa mpangilio, na tarehe yake, na mahali pake, kwa hiyo nitaanza na mali, ambayo ni nyepesi, kisha nitafika kwenye kile nilichowaitia. Msinikatize. Nikinyamaza katikati, ngojeni, nitakuwa natafuta pumzi.

Shamba la miwa, ekari mbili na robo, kutoka mstari wa mkonge mpaka kijitoni, ni la Elvis. Nyumba hii ni ya Elvis pia, lakini chumba cha mashariki ni cha Christine maisha yake yote, hata akiwa na nyumba kumi kule Shieywe, na mke wa Elvis asigeuze chumba hicho kuwa ghala la mahindi. Kile kipande cha kando ya barabara ya Matete, nusu ekari, ni cha Christine, na hati ina jina lake tangu mwaka wa 2016. Binti ni mtoto kama mtoto mwingine, na atakayewaambia vinginevyo mwonyesheni hati kisha mmwonyeshe njia. Namzungumzia baba yenu mdogo, Wanjala, na mnajua namzungumzia yeye. Baba yenu Jairus alipofariki mwaka wa 2009, miezi mitatu haijaisha, Wanjala aling'oa mikonge saba ya mpaka akaisogeza ndani kwetu hatua nne, na siku iliyofuata niliirudisha yote saba, yeye akiwa amesimama akinitazama. Akaniuliza mwanamke anajua nini habari ya mpaka. Nikamwambia mwanamke ndiye aliyeupanda, Jairus alikuwa kiwandani. Nimemsamehe. Akija matangani mpeni kiti kizuri na nyama ya kutosha, lakini mkimwona na kamba ya kupimia, mnyang'anyeni.

Ng'ombe mwekundu si wa Elvis wala wa Christine. Ni wa mtoto Rosebella, binti ya Makhanu wa ng'ambo ya kijito, na ndama aliye tumboni ni wake pia. Hapo hamjashangaa, kwa sababu mmezoea kumwona mtoto yule akila kwangu na kulala kwangu na kuniita kukhu, bibi yake, na mnafikiri ni huruma. Sasa nitawaambia ni nini.

Mnajua kazi yangu katika kata hii, lakini niiseme yote ili mpangilio usivunjike. Tangu Mheshimiwa, mbunge wetu, alipochaguliwa mara ya kwanza, mwaka wa 2013, ofisi yake ya mjini imekuwa ikituma taarifa kila Ijumaa: fomu za basari ya karo zinarudishwa lini, wenye kutafuta vitambulisho waende kwa chifu siku gani, mbolea ya ruzuku imefika wapi, daraja lipi limeanza na shule ipi imepata mabati. Osiako, mtu wa Mheshimiwa katika kata yetu, hunitumia maneno hayo kwenye simu, nami huyanakili kwa mkono kwenye karatasi yenye mistari, nikayasoma Jumapili baada ya misa na Jumamosi kwenye mazishi kama yapo, na mazishi hayakosekani, kisha karatasi hubandikwa kwenye ukuta wa mashine ya kusaga posho. Hawakunichagua kwa sababu ya sauti. Walinichagua kwa sababu nilikuwa na kanuni moja, kwamba sisomi nisichokiona. Taarifa ya kwanza kabisa ilisema daraja la kijito limekamilika, nikaenda kwa miguu, nikakuta nguzo mbili na mbao tatu, nikarudi nikasoma mbele ya kanisa kwamba daraja limefika nusu na anayevuka ashike watoto mkono. Watu walicheka. Osiako alikasirika, lakini Mheshimiwa alipopashwa habari alicheka pia, akasema, "Mwacheni huyo mama hivyo hivyo. Siku akisema kuna daraja, watu watavuka wakiwa wamefumba macho."

Nililichukua neno hilo kama sifa. Nililibeba kama mwanamke anavyobeba kitambaa kipya kichwani, miaka sita.

Sasa sikilizeni tarehe. Ijumaa, tarehe ishirini Septemba, mwaka wa 2019, saa tatu asubuhi, taarifa ilikuja kwamba wodi ya kina mama kujifungulia katika zahanati yetu imefunguliwa, na kwamba muuguzi yupo usiku na mchana. Baada ya taarifa, Osiako alinipigia. Hakunitisha, lazima niseme hivyo, mtu asisingiziwe. Alisema taarifa ya wiki hii ni muhimu sana kwa Mheshimiwa kwa sababu wageni wanakuja kutoka Nairobi, na papo hapo, kwa sauti ileile ya upole, akasema barua ya kazi ya Christine pale ofisini kwa Mheshimiwa imeshachapwa, iko juu ya meza, inangoja sahihi tu. Maneno mawili, moja baada ya lingine, hakuyafunga kwa kamba. Mimi ndiye niliyeyafunga.

Christine, wewe usinitazame hivyo. Hukujua, na sisemi haya ili ubebe. Ulikuwa na stashahada yako ya uhazili, miaka minne ukiuza mitumba soko la Matete, mvua yako jua lako, na kila Jumatatu ulikuwa unatandaza turubai lile la bluu bila kuniangalia usoni. Mama anaona.

Watu wanaamini sikwenda kuona. Elvis, wewe ndiye uliyewaambia kwamba wiki ile nilikuwa na malaria. Ulisema kwa nia njema, na pengine mpaka leo unaamini. Malaria yangu ilianza Jumatatu tarehe tisa ikaisha Ijumaa tarehe kumi na tatu. Wiki iliyofuata nilikuwa nimepona, nimepalilia maharagwe, na Ijumaa ile tarehe ishirini, saa tano, nilivaa viatu nikaenda zahanati. Nilikwenda, wanangu. Niliona. Mlango wa wodi ulikuwa na kufuli mpya, na kwenye veranda walikuwa wamelala mbuzi wawili. Niliweka viganja kwenye kioo cha dirisha nikachungulia: vitanda vinne, magodoro yakiwa bado ndani ya nailoni ya dukani, na sinki ambalo bomba lake halijaunganishwa na kitu. Nilifungua mfereji wa nje, ukakohoa hewa. Mlinzi hakuwepo, muuguzi hakuwepo, wala hapakuwa na alama ya mguu wa mtu aliyewahi kuingia. Baadaye waliojenga walisema muuguzi si kazi yao, na waliotakiwa kuleta muuguzi walisema hawakuambiwa jengo limekwisha, na hayo ni yao. Langu ni kwamba nilirudi nyumbani nikijua.

Jumamosi nilinakili. Mara ya kwanza niliandika kwamba wodi imekamilika, nikifikiri neno hilo lina nafasi ya kupita mtu mwenye haya. Nikaichana karatasi, nikaandika tena kama ilivyotumwa, neno kwa neno. Jumapili tarehe ishirini na mbili nilisimama mbele ya madhabahu baada ya misa. Christine alikuwa kiti cha tatu, amevaa lile gauni la kijani aliloshonewa kwa ajili ya kwenda ofisini. Muhonja, mke wa Makhanu, alikuwa karibu na mlango kwa sababu tumbo lilikuwa kubwa na alipenda upepo. Nikasoma. Wodi imefunguliwa, muuguzi yupo usiku na mchana. Muhonja alitabasamu akamgusa mumewe begani. Hilo nililiona pia. Mimi ni mtu wa kuona.

Mpeni mama yenu maji.

Asante.

Makhanu alikuwa amepanga kumpeleka Muhonja mjini wiki mbili kabla ya siku zake, akae kwa dada yake karibu na hospitali, kwa sababu mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika na waliogopa. Alikuwa ameshaongea na mwenye gari. Baada ya kunisikia, alifuta safari. Alisema, mjini kwa nini, na sisi tumeletewa muuguzi mlangoni? Jumanne, tarehe nane Oktoba, saa sita mchana, uchungu ukamshika, wakampandisha boda boda mpaka zahanati, dakika kumi tu, wakakuta kufuli. Mhudumu wa zahanati alikuwa mmoja, wa kugawa dawa za malaria, kijana asiye na ufunguo. Muhonja alijifungua saa nane pale verandani, juu ya leso ya mama mmoja aliyekuwa amekuja kumchukulia mtoto dawa, na mtoto akalia vizuri, lakini damu ya mama haikusimama. Gari lilipatikana saa tisa na robo. Hawakufika hospitali ya Malava.

Mnakumbuka mazishi, tarehe kumi na tisa. Mheshimiwa alileta hema mbili na viti mia tatu. Alisema maneno mazuri ya masikitiko, na baada ya masikitiko, kama ilivyo desturi yao, akaanza kuhesabu madarasa na mabomba na barabara, jeneza likiwa hatua tano kutoka alipokuwa amesimama, na sisi tukapiga makofi pale panapopigwa. Kisha Osiako akanipa karatasi ya rambirambi za ofisi, nikaisoma. Mimi. Sauti haikutetemeka, ndiyo maana nasema ulimi hauna mfupa, kwa sababu kama ungekuwa nao, siku ile ungevunjika.

Baada ya udongo, Makhanu alinijia. Macho yalikuwa yamevimba, na mtoto alikuwa amebebwa na shangazi yake nyuma yake. Watu walisogea, walidhani atanitukana, na mimi nilitaka anitukane, nilikuwa nimeshatayarisha shavu. Akanishika mikono miwili.

"Mama," akasema, "usijilaumu. Wewe unaendanga kuona kwanza, kila mtu anajua. Hii mara moja ulikuwa mgonjwa, wakakutumia. Ungeenda, ungetuambia."

Nikasema, "Asante, mwanangu."

Maneno mawili. Nimeishi ndani ya maneno hayo mawili miaka sita, na sijaona mlango. Kama angenichukia, ningekuwa huru kiasi, kwa sababu anayechukiwa hujua mahali pa kukaa. Lakini alinipenda. Mwezi haujaisha aliniletea mtoto, akasema hana mwanamke nyumbani na hamwamini mwingine, na kwamba wazee wa ukoo wake walitaka mtoto aitwe jina la bibi yao, yeye akakataa, amempa jina langu, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyelia kama mzazi. Nikampokea. Ningesema nini? Nilimlisha maziwa ya ng'ombe yule yule niliyewatajia. Kila nikimwita aje ale, najiita mwenyewe. Na baba yake kila Jumamosi huja kunikatia ua, hunirekebishia paa, hunichimbia shimo la choo, hataki hata chai, anasema mama halipishwi, nami nakaa kwenye kiti hiki nikimtazama akitoka jasho kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kusoma taarifa. Nilijaribu, Novemba ileile. Osiako alikuja akakaa palipo Elvis sasa, akasema ukiacha leo watu watauliza kwa nini, na wakiuliza, jibu litamfikia nani kwanza? Hakutaja jina la Christine. Halikuhitaji kutajwa, lilikuwa limekaa kati yetu kama sufuria. Kwa hiyo niliendelea, na kwa sababu ya hofu nikawa mkali zaidi ya zamani. Nilipanda kila kilima, nikapima kila kalavati kwa fimbo, nikaandika pembeni mwa kila habari "nimeona" au "sijaona". Muuguzi aliletwa Juni, mwaka uliofuata, nami sikutangaza mpaka nilipomwona akifua vazi lake la kazi mara tatu, wiki tatu mfululizo. Watu wakaniamini maradufu. Yaani kosa lilinipa sifa kubwa kuliko ukweli ulivyowahi kunipa. Kila nilichofanya ili nitoke kilikuwa tofali lingine.

Na sasa kibao. Christine, mwezi uliopita uliniletea picha kwenye simu ukiwa na furaha ambayo sijaiona usoni kwako tangu ulipoajiriwa. Ubao mweupe, herufi za bluu: Wodi ya Kina Mama ya Rosebella Navalayo. Mheshimiwa amekubali, kamati imekubali, Makhanu mwenyewe ndiye aliyepeleka ombi akikusanya sahihi nyumba kwa nyumba, na kitazinduliwa siku ya mazishi yangu kwa sababu siku hiyo watu watakuwa wengi. Nafikiri mimi ni mtu wa kwanza kijijini hapa ambaye rangi ya kibao chake imekauka kabla yeye mwenyewe hajakauka. Cheka, Elvis, ni ruhusa.

Kibao kile kisitundikwe. Huo ndio wosia, mengine yote ni mashamba. Jina langu likae juu ya mlango ule ule niliouona umefungwa nikasema uko wazi? Kila mwanamke atakayepita chini yake akiwa na uchungu, mimi nimwangalie kutoka ukutani? Hapana. Nimefungwa vya kutosha nikiwa hai. Kama lazima wodi iwe na jina, kuna jina la mtu aliyelipa bei ya wodi ile, lakini hata hilo si langu kulitoa, ni la Makhanu kusema, na akisema hataki, iitwe wodi tu.

Kaburi langu liwe upande wa kushoto wa Jairus, si mbali, tulikuwa hatupendi kuongea kwa sauti. Mheshimiwa akija, apewe kiti kama jirani na apewe obusuma, ugali wetu, kama jirani, na akitaka kusema kwamba alinifahamu, aseme. Taarifa zisisomwe. Asihesabu chochote mbele ya jeneza langu, na Osiako asipewe karatasi, na wewe Christine ndiwe utakayewaambia hivyo ofisini, siku moja kabla, kwa adabu. Najua mkataba wako unaisha Desemba. Najua. Ndiyo sababu kipande cha barabarani ni chako na si cha mtu mwingine, jenga duka hapo, uwe na mahali pa kusimama ambapo hakuna aliyekununulia. Mimi nilikutafutia kazi kwa kitu ambacho hakikuwa changu, na kitu hicho kilikuwa mke wa mtu. Usiifanye kazi hiyo siku hata moja zaidi ya unavyoweza kuvumilia, lakini usijichukie kwa siku ulizoifanya. Ulipiga chapa vizuri. Watoto wengi wamesoma kwa fomu ulizowajazia. Hilo pia ni kweli, na nimeliona.

Sasa nilikuwa nimepanga hivi, na nimeiandika, iko ndani ya Biblia, mahali pa Zaburi. Siku ya tatu baada ya maziko, siku ya kunyoa nywele, ukoo ukikaa uani na mzee akiuliza mara tatu nani anamdai marehemu, mnajua desturi, watu husimama wakasema kuku, au jembe, au shilingi. Nilitaka wewe Christine usimame mzee akiuliza mara ya tatu, usome karatasi ile mbele ya wote, kwamba Makhanu anamdai marehemu, na deni lenyewe ni hili. Nilisema hapo ndipo pa haki, mbele ya mashahidi, kwa kanuni za kwetu. Nilijisifu hata kwa kuipanga.

Lakini tangu nilipoanza kuwaambia ninyi, saa hii, nasikia ninavyosikika. Karatasi tena. Mtu mwingine asome, mimi niwe chini ya udongo futi sita, Makhanu asimame na kichwa kilichonyolewa kwa ajili yangu, asiwe na mtu wa kumwuliza hata neno moja. Atamwuliza nani? Kaburi? Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo walivyosema waliotutangulia, na mimi nilitaka kifo kiniumbue kwa sababu mwenye kuumbuliwa akiwa amekufa haoni macho ya watu. Ni ujanja ule ule wa Jumapili ile. Ni mimi yule yule.

Elvis. Vaa viatu. Nenda ng'ambo, umwite Makhanu. Yuko nyumbani, leo si siku ya soko. Aje peke yake, mtoto abaki kwa shangazi yake.

Unasema nini? Sema kwa sauti.

"Mama, achana na haya. Yule mtu anakupenda."

Ndiyo, mwanangu. Hilo ndilo lililonifunga. Nenda.

Mwacheni aende. Christine, usimfuate, nipandishe mto kidogo, hivyo, nataka niwe nimekaa. Mtu haambiwi jambo hili na mtu aliyelala. Usilie sasa, utalia baadaye, kuna siku nyingi. Nisikilize wewe kwa niaba ya wote wawili, maana kutoka kwetu mpaka kwake ni dakika sita kwenda, na kurudi sita, na pumzi zangu naziona zilivyo.

Akija, hamtanitetea. Mtu asiseme nilikuwa na malaria. Mtu asiseme Osiako. Akinyanyuka akaondoka bila neno, mwacheni apite, msimshike mkono, na ng'ombe mpelekeeni hata hivyo, kesho, na kamba yake. Akitaka kubadilisha jina la mtoto, ni mtoto wake, msimzuie, na msimwambie mtoto kwamba kukhu aliumia. Mtoto mkimwona njiani mwiteni kwa jina lolote atakalokuwa nalo. Akisema hatakuwepo kwenye maziko yangu, ua wake usikatwe na mtu wa nyumba hii kwa kujipendekeza. Akikubali kuwepo, asibebeshwe jeneza. Amenibeba sana.

Na wewe na ndugu yako msigombane juu ya hili. Kutakuwa na siku Elvis atasema mama angenyamaza, tungekuwa na kibao na heshima na Desemba yako ingepita salama. Usimjibu. Mwache aseme mpaka aishiwe. Halafu mpikie.

Baraka nazitoa sasa, kabla hajafika, kwa sababu baada ya yeye kufika sijui kama nitakuwa nimebaki na kitu cha kubariki nacho. Lete kichwa chako. Mungu wa baba yenu Jairus, na wa wazee waliolima shamba hili kabla ya miwa, akae nanyi. Kinywa chako kiseme ulichoona. Miguu ya Elvis isikose njia ya kurudi nyumbani. Mlango wenu... mlango wenu usifungwe mbele ya mwenye haja. Watoto wenu wazaliwe ndani, penye maji na taa. Mkikosea, na mtakosea... semeni mapema. Semeni likiwa bado dogo. Hivyo tu. Mpe Elvis nusu yake ukimwona.

Mkono wako uko wapi. Hapa.

Nimeona giza kidogo, si kitu, dirisha liko wazi? Acha liwe wazi. Nitasema Ijumaa tarehe ishirini. Nitaanza hapo. Nilikwenda, Makhanu. Niliona. Hivyo. Nilikwenda... Christine, nikipoteza mpangilio, nikumbushe kufuli. Kufuli kwanza, halafu vitanda.

Mbwa amenyamaza, ni mtu anayemjua. Hizo ni hatua za watu wawili. Huyo wa nyuma ni yeye, hukohoa mara moja kabla ya kubisha.

Fungua, mwanangu. Usimwambie nimelala.